Anayetangulia Kupiga Makofi

Kwetu Ufipa salamu ina mikono. Mdogo akikutana na mkubwa huinama au hupiga goti, hukutanisha viganja na kupiga makofi polepole. Si makofi ya ngoma wala ya shangwe. Ni makofi ya mtu anayebisha hodi mlangoni mwa mwenzake kwa adabu. Mkubwa hujibu kwa makofi yake machache, kisha humwinua mdogo kwa neno. Asipomwinua, mdogo hukaa pale pale chini. Vijana wa mjini wameanza kuyaacha haya, wanatupa shikamoo huku wanapita. Sisi wa Izia, tuliobaki na mashamba ya mahindi na ulezi huku pembezoni, bado tunapigiana, na anayetangulia kupiga ndiye mdogo. Hilo halina ubishi. Nimelitanguliza kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini tuliogopa.

Kijito chetu kinaanzia bondeni nyuma ya nyumba zetu, kwenye chemchemi iliyozungukwa na matete, kisha kinateremka kuelekea bonde la Rukwa hadi kwa watu wa Milepa. Nilipokuwa katekista kijana kilikuwa na sauti. Ukiwafundisha watoto sala darasani ulilazimika kupaza sauti kidogo, maji yasikushinde. Baadaye watu walipanda milingoti, ile mikaratusi inywayo maji, hadi kwenye mdomo wa chemchemi, kwa ajili ya kuni na nguzo. Wengine wakafyatua matofali kingoni, wengine wakalima mboga hadi majini. Ikafika miaka ambayo kiangazi kijito kilikuwa uzi tu, tena uzi mchafu, na ndugu zetu wa Milepa walipiga simu kutuuliza kama tumekifunga na kukitia mfukoni.

Kazi ya kukirudisha ilianzia kwenye jumuiya yetu, ile ya majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Jioni moja, baada ya rozari, tuliomba mvua. Mama mmoja mwenye ulimi mkali, ambaye baadaye tulimfanya mwenyekiti, alisema:

"Tunamsumbua Mungu. Mvua alishatupa. Tumeinywesha milingoti."

Wengi wetu tulikuwa na milingoti pale. Jumamosi iliyofuata tulishuka na mashoka. Namshukuru Mungu kwa aibu ile, ilitufaa kuliko hotuba nyingi. Tulikata, tukang'oa visiki, tukaokota chupa na nepi na viatu vilivyokwama kwenye matete, tukapanda mikuyu na miti mingine ya asili tuliyoiotesha wenyewe. Alitusaidia sana jirani yetu mtumishi wa idara ya maji, mtu wa Mbeya, tuliyezoea kumwita Bwana Maji. Alikuja siku zake za mapumziko, kwa hiari yake, na buti zake za mpira. Ndiye aliyesimika mti wa kupimia katikati ya mkondo, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, akatufundisha kuusoma.

"Asubuhi na mapema," alisema, "kabla watu hawajachota. Mnasoma, mnanitumia kwenye simu."

Waliopewa kazi ya kusoma walikuwa wawili, mimi na mama mmoja mjane, kwa sababu nyumba zetu ndizo zilizo karibu na njia ya bondeni. Huyu mama alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniita Katekista, ingawa kazi hiyo nimeiacha kwa uzee, nami nilimwita mama, ingawa nimemzidi umri.

Ilikuwa wakati wa baridi, miezi ile ambayo upepo wa uwanda huu hukata masikio. Ukungu ulilala bondeni mzito kiasi kwamba tulisikia kijito kabla ya kukiona. Kengele ya kanisa ililia, nikasimama kingoni kusali Malaika wa Bwana, na mama akasimama nyuma yangu na ndoo yake. Tulipomaliza, kukawa kimya. Ndipo kutoka upande wa chemchemi, ndani ya matete, mtu akapiga makofi.

Yalikuwa polepole, ya viganja vilivyolowa. Yalipigwa kidogo, yakatulia, yakapigwa tena.

Nilidhani ni mtu aliyetangulia kuchota. Nilisubiri ajitokeze. Mama hakusubiri. Alitua ndoo, akapiga makofi yake machache ya kujibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, inuka, baba."

Makofi yakakoma.

Tulisimama hadi ukungu ukaanza kupasuka. Hakutoka mtu. Matete hayakutikisika.

"Ni nani yule?" nikauliza.

"Simjui," alisema. "Lakini amesalimu."

Nilisoma mti wa kupimia. Maji yalikuwa yamepanda kwa upana wa kidole, jambo ambalo lingetufurahisha siku nyingine yoyote. Tukapanda kilima.

Kesho yake yalipigwa tena, na siku iliyofuata vilevile, daima alfajiri, daima baada ya kengele. Mama alijibu kila mara, na kila mara alipojibu, yakakoma. Mimi sikujibu. Nimefundishwa, na nimefundisha wengine, kwamba mtu hajibu asichokijua. Lakini niseme ukweli, mikono yangu ilikuwa inaniwasha. Mtu aliyekulia huku akisikia makofi ya salamu, viganja vyake hukutana kabla hajafikiri. Nilivitia chini ya makwapa, nikasingizia baridi.

Jumamosi habari zilikuwa zimeshaenea. Tulipoketi kwenye visiki kunywa uji, Bwana Maji alituchokoza.

"Ninyi Wafipa nawajua. Mnampigia makofi hata mbuzi. Sasa mbuzi wamejifunza."

"Mbuzi wetu wana adabu," mwenyekiti akamjibu. "Wa Mbeya ndio wanaopita bila salamu, mdomo umejaa ndizi."

Watu walicheka. Bwana Maji naye alicheka, kisha akatueleza. Alichukua kijiti, akachora chini.

"Miti hunywa mchana. Usiku inapumzika. Kwa hiyo maji ya ardhini hupanda usiku, na alfajiri ndipo yanakuwa juu kabisa. Sasa mmekata milingoti, yamepanda kuliko mlivyozoea. Pale chemchemini nyasi na mizizi zimetanda juu kama blanketi, na chini yake pana uwazi. Maji yakisukuma, hewa inatafuta pa kutokea, blanketi linapiga. Pwa, pwa. Ndio hao wageni wenu."

Nilimwamini. Bado namwamini. Ni mtu makini na elimu yake si ya kubahatisha.

Mzee mmoja alisema bibi yake zamani hakuchota pale kabla ya kupiga makofi, kwa heshima ya mwenye maji, na huenda mwenye maji amerudi baada ya milingoti kuondoka. Wengine walitikisa kichwa kukubali. Hapo mwenyekiti, ambaye alikuwa bado anatabasamu kwa ule utani wa ndizi, akasema bila kufikiri:

"Haiwezekani. Mwenye maji atutangulie kutusalimu sisi? Wazee waliokufa watutangulie? Anayetangulia ni mdogo. Huyo aliyeko pale, awaye yote, ni mtoto wetu."

Alipolisema neno hilo alilisikia mwenyewe, tabasamu likamtoka. Hakuna aliyemtazama mama mjane, na kwa jinsi tulivyojitahidi kutomtazama alijua sote tumemfikiria yeye. Aliinuka, akachukua jembe, akaenda kuchimba mashimo ya miche peke yake.

Alikuwa na mwana mmoja. Kijana alishuka ziwani Kirando kuvua, kama vijana wengi wa huku wanavyofanya shamba linapokuwa dogo. Alikuwa akituma salamu na dagaa. Kisha usiku mmoja mtumbwi ulirudi na wenzake, yeye hakurudi. Ziwa halikumtoa. Mama alikwenda, akakaa ufukweni kati ya vichanja vya dagaa, akawauliza waliotoka majini kila asubuhi, hadi wenyeji wakamwonea huruma na kumpandisha basi. Aliporudi tulikuja kumpa pole tukiwa na unga na kuni za msiba. Alisimama mlangoni, akatushukuru, akaturudisha na kuni zetu. Alisema hana maiti, hana kaburi, hana sababu ya kutandika mkeka. Paroko alimweleza kwa upole kwamba Misa ya marehemu husomwa hata pasipo mwili. Alisikiliza akiwa amepiga magoti, akaitikia, na hakuiomba.

Tangu siku ile ya visiki hakuja tena kijitoni kwa ajili ya mti wa kupimia. Alikuja kwa ajili ya makofi. Alitangulia kunipita njiani gizagiza. Alibeba kanga kavu mkononi, na sikumuuliza ya nini.

Bwana Maji alijaribu kwa njia yake. "Mama, samahani. Maji ya hapa yanakwenda Milepa. Yanashuka upande ule. Kirando ni upande mwingine kabisa. Hayakutani."

"Mwanangu," alimwambia, bila hasira, "aliyekufa maji hapandi basi. Anapita kwa chini."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja kufa, nikadhani amelegea. Sivyo. Alilitaja kama mtu anayetaja safari.

Kuna jambo moja ambalo elimu ya Bwana Maji haikulifikia, nami sikumwambia wakati ule. Kama ni maji na hewa, kwa nini yalikoma alipojibu? Niliwaza labda ni bahati, labda msukumo ulikuwa mfupi na mama alijibu mwishoni. Kisha siku moja mama akashikwa na homa, nikashuka peke yangu.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Kengele ililia, nikasali, makofi yakaanza. Nilingoja yaishe. Hayakuisha. Yalipigwa, yakatulia kwa muda ule ule wa kungoja jibu, yakapigwa tena. Hayakuongezeka nguvu wala haraka. Yalikuwa makofi ya mtu aliyelelewa vizuri, ambaye hajajibiwa na hana ruhusa ya kuondoka. Nilianza rozari. Nilifika katikati ya fumbo la kwanza nikajikuta nasitisha maneno kila yanapopigwa, ili nisimkatize. Jua lilitoka, ukungu ukawa mweupe kama maziwa, nayo yakaendelea. Nilisoma mti wa kupimia mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza niliyoyaona hayakuingia kichwani. Nikageuka kuondoka, na mgongo wangu wote ulikuwa baridi kama mgongo wa mtu anayemwacha mtoto nyuma.

Kwenye kona ya njia nilikutana na mama. Alikuwa amejifunga blanketi, miguu mitupu, macho mekundu kwa homa.

"Mbona humjibu, Katekista?" alisema. "Nimemsikia tangu alfajiri. Kitandani."

Kutoka nyumbani kwake hadi chemchemini kuna kilima na shamba zima la ulezi. Hata ng'ombe akilia bondeni huku juu hasikiki.

Alinipita. Nilimfuata kwa kadiri miguu yangu inavyoruhusu. Nilipofika kingoni alikuwa ameshaingia kwenye matete, anakanyaga juu ya lile blanketi la nyasi, nalo linabonyea na kuinuka chini yake kama godoro. Nilimwita. Alikuwa ameinama, mikono imekutana, ndipo nyasi zikafunguka akazama hadi kiunoni bila kelele yoyote.

Nililala kifudifudi, nikamfikishia mpini wa reki tuliyoiacha pale, akaushika. Nilipiga yowe. Kwa neema ya Mungu mwenyekiti alikuwa bustanini kwake na kapu la mbolea kichwani. Alilitupa akaja mbio, tukamvuta kwa pamoja. Alitoka mweusi kwa tope. Hakulia wala hakutetemeka. Alituangalia mmoja baada ya mwingine akasema:

"Chini kuna joto."

Bwana Maji alituambia baadaye kwamba maji ya chemchemi huwa na joto kuliko hewa ya asubuhi wakati wa baridi, na kwamba hilo linajulikana. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Asante, baba. Ungekuwepo akisema, usingetueleza."

Kikao cha Jumamosi hiyo hakikuwa na uji wala utani. Bwana Maji alisema blanketi lile lazima likatwe na kuondolewa, chemchemi ifunguliwe hadi kwenye mwamba, ipangwe mawe. Uwazi ulio chini ulikuwa unakua kadiri maji yanavyorudi, na atakayezama kesho huenda asiwe na mtu mwenye reki. Tena maji yangetoka kwa wingi zaidi. Kila mtu aliona ni kweli. Kisha tukamgeukia mama.

"Mkifungua atanyamaza," alisema.

"Ndiyo, mama," Bwana Maji alimjibu. "Hewa haitakuwa na pa kukaa."

"Basi msifungue. Ndiyo salamu pekee ninayopata."

Nilitarajia mwenyekiti aseme jambo kali. Alikuna udongo kwenye kidole chake kwa muda, akasema, "Chemchemi ni ya wote. Salamu ni yake. Hatuchimbi mpaka yeye aseme." Tuliweka miiba kuzunguka matete ili watoto wasiingie, tukarudi kwenye miche. Watu hawakunung'unika. Nimeishi miaka mingi kati ya watu wa imani, nami nahesabu uvumilivu wa Jumamosi zile kuwa kati ya sala bora nilizowahi kushuhudia.

Yeye aliendelea kushuka, sasa anasimama nje ya miiba. Alikonda. Makofi yalisikika hata kwa waliokuwa mbali zaidi, mama mmoja akahama njia yake ya sokoni.

Nilikwenda kumtembelea jioni moja. Alikuwa jikoni, anasonga ugali wa ulezi, na mvuke umejaa. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni. Tuliongea habari za mahindi, za panya, za bei ya mbolea. Kisha alisema, bila kuacha kusonga:

"Katekista, wewe unaamini ni yeye?"

"Sijui, mama. Bwana Maji amenieleza, nami nimeelewa. Halafu nashuka asubuhi na sielewi tena."

"Ungesema ni pepo ningekufukuza."

"Pepo hana adabu hivyo."

Alicheka kidogo, cheko la puani. Akauliza, "Wanaokufa bila kuagwa wanakaa wapi?"

Nilimwambia nilichofundishwa. Kwamba wapo wanaosubiri, si kwa kupotea bali kwa kutakaswa, na kwamba sisi huku tunawasaidia kwa sala, na kwamba kusubiri kwao kunauma kwa sababu wanaona mlango.

Mwiko ulisimama ndani ya chungu.

"Mtu akikupigia makofi," alisema polepole, "yuko chini. Amepiga goti."

"Ndiyo."

"Nikijibu namwambia inuka. Kila siku namwambia inuka. Kesho namkuta yuko chini tena." Ugali ulianza kunuka kuungua na hakuna aliyeugusa. "Basi hainuki. Mimi nasema inuka kwa mdomo, na mkono nimemkandamiza begani. Baridi yote hii, mtoto wa watu yuko magotini."

Alipakua ugali, tukala ule usioungua. Nilipoaga alinisindikiza hadi uani.

"Waambie waje na majembe," alisema. "Lakini mimi niwepo."

Jumamosi ilipofika ukungu haukuondoka hata jua lilipopanda. Tulianza kwa sala. Makofi yalikuwa yamepigwa tangu alfajiri hadi tulipofika, na kwa mara ya kwanza mama alikuwepo bila kuyajibu. Alikuwa amekaa kingoni, kanga yake kavu mapajani, anatusubiri. Wanaume walikata blanketi la nyasi kwa mapanga, vipande vipande, wakivikunja kama mikeka iliyolowa. Harufu iliyotoka ilikuwa ya majani ya miaka mingi na ya chuma. Kila kipande kilipoinuliwa kilitoa pumzi.

Kipande cha mwisho kilipoondoka tuliona uwazi wenyewe. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowaza, kama chumba kidogo, umetengenezwa na maji chini ya mizizi. Nyuma palikuwa na mwamba bapa ambako maji yalitoka. Mbele ya mwamba palikuwa na tope laini, jeusi, lisilo na jani, na katika tope hilo mashimo mawili, ya mviringo, yamekaa sambamba, yameelekea kwetu.

Bwana Maji alisafisha koo. "Maji yakizunguka sehemu moja kwa muda mrefu," alisema, "huchimba namna hiyo." Alisema kwa sauti ndogo. Kila mmoja alikuwa anayatazama yale mashimo, na kila mmoja alikuwa amewahi kupiga magoti kwenye udongo laini na kuona alama anazoacha akiinuka.

Mama alikuwa amesogea katikati yetu. Aliyaona. Nilimtazama usoni nikihofia, nikaona amekaza macho kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Kisha maji, ambayo sasa hayakuwa na kizuizi, yalitoka kwenye mwamba kwa nguvu, yakafunika lile tope, yakashuka kwenye mkondo huku yakivuta uchafu wote. Ilichukua muda mfupi sana. Yalipotulia, tope lilikuwa sawasawa, na kijito kilikuwa na sauti. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kulia, sijui kwa furaha ya maji au kwa lingine.

Mama alishuka hadi ukingoni. Alipiga goti moja, kisha la pili, kwenye tope baridi, mbele ya chemchemi. Akakutanisha viganja. Akapiga makofi polepole, ya heshima, akiwa ameinamisha kichwa.

Nilisikia mwenyekiti akivuta pumzi. Sote tulielewa kwa pamoja. Mama hatangulii kumsalimu mwanawe. Anayetangulia ni mdogo. Hapa duniani kuna jambo moja tu linalomfanya mtoto kuwa mkubwa kuliko mzazi, nalo ni kutangulia kwenda tunakokwenda sote.

Alipiga, akatulia, akapiga tena. Hakuna kilichojibu isipokuwa maji yanayopita. Alibaki chini, kwa kuwa hakuinuliwa. Ukungu ulipita juu yake, kwa kitambo nikauona mgongo wake tu, kisha sikumwona kabisa, nikasikia makofi yanatoka ndani ya weupe ule, ya viganja vilivyolowa, na nywele zilinisimama, maana kwa masikio peke yake hungeweza kujua ni nani anayepiga. Ndipo mwenyekiti akaingia ukunguni na buti zake, akamshika mabega.

"Inuka, mama," alimwambia. "Inuka twende nyumbani."

Aliinuka.

Msiba uliwekwa siku hiyo hiyo. Wanawake walitandika mikeka, kuni zikaletwa, paroko alikuja jioni akasali nasi. Watu walijaa uani hadi kwenye shamba la ulezi. Bwana Maji alikaa kati ya wanaume, kofia mkononi, na mtu akimuuliza habari za kina cha maji alijibu, "Leo si siku yake."

Mama alikaa ukutani, miguu ameinyoosha, wenzake wamemzunguka. Halafu akaanza kusimulia, akimwelekea yeyote aliye karibu. Alisema mwanawe alikuwa mwoga wa maji tangu mdogo. Kumwogesha kulikuwa vita. Alipanda juu ya ghala la mahindi akiwa uchi, majirani wakaja kumbembeleza, na siku moja alimwambia mama yake kwamba akikua atahamia mahali ambapo watu hawaogi.

"Halafu akaenda kuvua," alisema mama. "Yeye. Nilimwambia, wewe utavua nini, ndoo ilikushinda."

Mwanamke mmoja alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo. Mama naye akacheka, mabega yanatikisika, akacheka hadi machozi yakaanza kushuka, na hayakukoma tena. Wanawake wakasogea, wakaanza wimbo kwa sauti ya chini. Niliinuka kwenda kuongeza kuni, maana baridi ilikuwa imeanza kuingia na usiku bado ulikuwa mrefu.